Tairi Nne, Upepo Kumi na Tano

"Na kile ulichokichukua Jumatano ukirudishe kabla hujaenda kuapa huko mahakamani," Mama Eliona alikuwa anasema, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mwiko. "Masikio yako ndiyo yaliyomfunga mume wangu. Basi na haya yasikie."

Mzee Mathayo, aliyesimama ng'ambo ya njia na fimbo yake, alijibu kwamba masikio yake hayajamfunga mtu. Aliulizwa na polisi, akasema alichosikia, na alichosikia ni Landrova ya kijiji ikipanda Jumamosi alfajiri ikiwa na mzigo. Kama mama huyo hataki majirani wasikie, amwambie mumewe apite njia nyingine. Mama Eliona akauliza hiyo njia nyingine iko wapi Machame hii, kisha akashusha neno moja la Kimachame ambalo Sajini Kastori, mtu wa Kibosho, alilielewa nusu tu. Nusu hiyo ilitosha.

Hakuna aliyekuwa amemwona. Kastori alikuwa na tabia ya kuzima pikipiki mbali na kuisukuma hadi anakokwenda, kwa sababu majirani wakigombana huwa wanasema bure mambo ambayo polisi angeyatafuta wiki nzima. Nyuma yake Koplo Flavia alikuwa ameshatoa daftari na kuandika: *Jumatano. Kitu gani?*

Kesi yenyewe ilikuwa imeenea kuanzia Machame hadi sokoni Moshi, kila mdomo ukiongeza chumvi yake. Elifuraha, baba yake Eliona, dereva wa Landrova ya kijiji, alikuwa na siku ya nne mahabusu. Ijumaa alishusha majembe na mbegu kwenye shamba la kijiji kule tambarare, Chekereni, akakwama kwenye tope la majaruba ya mpunga, akalala ndani ya gari. Usiku huohuo ghala la mpunga lililokuwa hatua mia mbili kutoka hapo likavunjwa na magunia manane yakaondoka. Asubuhi kulionekana alama za tairi zimepita kando ya ghala, pana, kisha zikaelekea barabarani.

Na mwaka wenyewe ulikuwa themanini na tatu. Msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umepamba moto. Mtu mwenye miche mitatu ya sabuni uvunguni alikuwa hapati usingizi. Faili la Elifuraha lilikuwa liondoke kwenda mkoani saa tisa alasiri siku hiyohiyo ya Jumanne. Likishapanda huko haliteremki, na yeye angehesabu miaka, si miezi.

Mambo matatu yalikuwa yamemkaba. Kwanza upana wa alama, ambao askari wa Chekereni walisema ni wa gari lililobeba. Pili masikio ya Mzee Mathayo. Tatu, na hili ndilo lililomharibia kabisa, pampu. Elifuraha alisema alipunguza upepo wa tairi ili ajinasue kwenye tope, ndiyo maana alama zikawa pana. Alipoulizwa kwa nini hakuujaza tena, akasema pampu ilibaki nyumbani. Askari wakapekua nyumba, wakapekua gari, wakamuuliza mkewe. Mkewe akasema yeye pampu haijui. Basi Elifuraha akaandikwa mwongo.

Kastori aliegesha pikipiki na kumwamkia mzee shikamoo. Mathayo aliitikia marahaba huku akimtazama viatu.

"Nilikusikia tangu daraja la chini," alisema. "Pikipiki yako ina kelele kwenye mnyororo. Na umebeba mtu mwembamba."

Flavia, ambaye kweli alikuwa mwembamba, hakucheka. Aliandika.

Ukoo wote wa upande ule ulikuwa unaringia masikio ya Mathayo. Barabara ya pale imezama kama mfereji, migomba imeifunika huku na huku. Gari unalisikia robo saa kabla hujaliona, na mara nyingi hulioni kabisa. Kwa hiyo watu wa mlimani wamezoea kulihukumu gari kwa mlio: hili la padri, hili la daktari, hili lina kahawa, hili limeshusha. Mathayo ndiye alikuwa jaji mkuu wa hukumu hizo, na watu waliapa kwamba hajakosea tangu ushirika uliponunua lori lake la kwanza.

Kastori alimuuliza ile Landrova ilikuwa inalia vipi.

"Ilikuwa inajivuta. Inaguna. Gia ya kwanza kuanzia mtoni mpaka hapa. Gari tupu halipandi hivyo, mwanangu."

"Uliiona?"

"Kwani nilihitaji kuiona?"

Waliondoka kwenda ua wa chama cha msingi cha ushirika, na kwa kuwa Machame hakuna polisi anayetembea peke yake, watu kama kumi waliwafuata, Mama Eliona mbele. Landrova ilikuwa palepale ilipokamatiwa Jumamosi. Polisi hawakuwa na petroli ya kutosha kuiteremsha Moshi, wakaifunga kamba na karatasi yenye muhuri wakaiacha. Wengi walikuwa wamelalamika juu ya uhaba wa petroli mwaka ule. Kastori siku hiyo aliushukuru.

Alipiga magoti kwenye tairi la kwanza na geji ya upepo aliyoiazima kwa fundi wa Njoro. Ilisoma kumi na tano. Akaenda la pili: kumi na tano. La tatu: kumi na tano. La nne likaonyesha kumi na nne na nusu.

"Pancha?" Flavia aliuliza.

"Pancha huchagua tairi moja. Hapa kuna mtu aliyezunguka gari na kuhesabu."

Flavia alisema hilo halimwokoi mtu. Mwizi naye anaweza kuhesabu. Kastori alikubali, akamwomba atoe karai.

Jumatatu walikuwa wameteremka Chekereni wenyewe. Jua lilikuwa limelikausha tope la majaruba likawa gumu kama tofali, na Flavia akapata wazo la kuchimba bonge zima lenye alama ya tairi, akalifunga kwa majani ya mpunga, akalipakata kwenye karai mpaka mjini kama mtoto mgonjwa. Kastori naye alikata kijiti chenye urefu sawasawa na upana wa alama ile. Kijiti na karai ndiyo ulikuwa ushahidi wao wote.

Walifungua maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia uliopita kando ya ua, wakalowesha udongo mpaka ukawa tope. Kastori akaingia garini akaipitisha Landrova ilivyo, tupu, upepo kumi na tano. Flavia akachutama na kijiti. Hakikuzidi, hakikupungua.

"Sasa tupate magunia manane," Kastori alisema.

Magunia hayakuwepo, msimu wa kahawa ulikuwa umekwisha na stoo ya chama ilikuwa na panya na mizani tu. Lakini watu walikuwepo. Katibu wa chama alipiga hesabu kwamba magunia manane ya mpunga ni kama watu wazima kumi, na kabla hajamaliza, kumi na wawili walikuwa wameshapanda. Mama mmoja mnene aliambiwa ashuke kwa kuwa yeye peke yake ni gunia na debe. Akakataa. Alisema tangu gari hilo linunuliwe kwa jasho la kijiji hajawahi kulipanda hata siku moja, na leo amepata.

Landrova ikakaa chini. Tairi zikalala ubavu kama ndama aliyeshiba, na rimu za nyuma zikakaribia kugusa ardhi. Kastori alisogea nayo hatua kumi, akasimama mwenyewe kwa huruma. Alama ilizidi kijiti kwa vidole viwili. Na lililokuwa kubwa zaidi, kutoka Chekereni hadi Machame ni mawe mwanzo mpaka mwisho. Gari lenye mzigo huo na upepo huo lingefika likiwa limekula tairi zake lenyewe. Flavia alizipapasa zote nne, nje na ndani. Hazikuwa na hata mkwaruzo mpya.

Watu walianza kupiga vigelegele. Kastori aliwaacha, akaingia ofisini na kuzungusha simu mpaka akampata Inspekta Athanas mjini. Alimweleza. Inspekta alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja kwa ile sauti yake ya kutafuna kiberiti.

"Na kama alipakia tairi zikiwa ngumu, akashusha mzigo mahali, ndipo akatoa upepo?"

Saa ya ukutani ilikuwa saa sita na robo. Kastori alisema atamjibu.

Nje aliuliza kama kuna pampu. Katibu alisema pampu ya miguu ya gari ilikuwa moja tu, na ndiyo hiyo iliyopotea. Kastori hakumtazama katibu. Alikuwa anamtazama Mama Eliona, ambaye ghafla aliona kuna kitu cha kufuta kwenye mwiko aliokuwa nao bado.

Alimwita kando, chini ya paa la kukaushia kahawa. Flavia akaja na daftari lakini akalifunga.

"Mama, Jumatano mzee alichukua nini kwako?"

Alisema ni jembe. Kisha akasema si jembe, ni panga. Kastori alimwambia taratibu kwamba faili linaondoka saa tisa, na kwamba yeye hakuja kutafuta kosa dogo. Mama Eliona akakaa kwenye gogo. Akasema Mathayo alikuja Jumatano mume wake hayupo, akaomba pampu ajaze baiskeli, akampa. Ijumaa Elifuraha aliondoka kabla ya kupambazuka, hakuangalia. Jumamosi askari wakaja wakipekua mpaka kwenye unga, wakiuliza pampu, pampu, na pampu ilikuwa mali ya kijiji, na siku hizo mtu kuazimisha mali ya kijiji lilikuwa tayari ni jina baya. Aliogopa watafungwa wawili na mtoto abaki na nani. Akasema haijui.

"Sikujua kwamba ndiyo ilikuwa inamtetea," alisema.

Mzee Mathayo, aliyekuwa amewafuata pamoja na wengine, hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Naye alikuwa ameificha kwenye pipa la mahindi tangu alipowaona askari, kwa hofu ileile, na tangu siku hiyo alikuwa ameiacha baiskeli ikilala pancha ili asionekane amejaza. Flavia aliandika hayo kwa maneno yake mwenyewe na kumsomea. Mzee alitia dole gumba bila kumtazama mtu, na pampu ikaletwa.

Kujaza tairi nne za Landrova kwa pampu ya miguu ni adhabu ambayo haijaandikwa kwenye sheria yoyote. Walipokezana. Katibu alikanyaga mara themanini akaenda kukaa. Mama mnene alikanyaga mia mbili na kuuliza wanaume wako wapi. Kastori alisimama na geji: ishirini, ishirini na nne, thelathini. Kila hatua watu kumi na wawili walipanda, gari likapita topeni, Flavia akapima, watu wakashuka. Alama ilikuwa inapungua kidogo kidogo. Walipofika thelathini na sita, Flavia aliweka kijiti chini na hakuinuka.

"Sajini," alisema. "Imelingana."

Walichutama wote wawili. Kijiti kilikaa kwenye alama ya gari lililobeba, upepo thelathini na sita, sawasawa kama kilivyokaa kwenye alama ya gari tupu, upepo kumi na tano. Kwa hiyo upana haukusema kitu. Inspekta alikuwa na haki ya kuuliza. Mama Eliona aliona nyuso zao akaacha kuuliza.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

Kastori aliomba karai. Akalitoa lile bonge la Chekereni, akaliweka juu ya boneti, akaligeuza huku na huku kwenye jua. Halafu akateremka kwenye tope, akaingiza kiganja kwenye alama mpya ya mzigo na kukitembeza kutoka ukingo hadi ukingo.

"Weka mkono hapa," alimwambia Flavia. "Pakoje?"

"Pamezama katikati. Kama bakuli."

"Na pale pa kwanza, tulipopita tupu?"

Flavia alikwenda akagusa. "Sinia."

Kisha akagusa bonge juu ya boneti, na hapo ndipo Kastori alipomwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu walipoanza kufanya kazi pamoja. Tairi ngumu lenye mzigo huchimba kwa tumbo lake; tairi laini lisilo na mzigo hulala tu. Bonge la Chekereni lilikuwa tambarare kama sinia ya pilau. Elifuraha alipita kando ya ghala lile na gari tupu, upepo wake umeshapungua, akikimbia tope.

Yalibaki masikio. Kastori alimwomba Mzee Mathayo arudi nyumbani kwake, aketi anapoketi siku zote, mlango ufungwe, na Flavia aketi naye. Watu kumi na wawili wakateremshwa na Landrova hadi mtoni, ikapanda nao ikiwa na upepo thelathini na sita. Ikateremka tena. Mtoni Kastori alishusha watu wote, akatoa upepo mpaka kumi na tano, akawaambia wapande kwa miguu bila neno. Akapanda peke yake. Tairi zilishika ardhi kama miguu ya mtu kwenye tope zito. Injini iliguna, gia ya pili ikakataa, akarudi ya kwanza, akapanda hivyohivyo hadi mlangoni kwa mzee.

Flavia alikuwa ametoka naye nje. Alisoma kutoka daftarini alichoambiwa: ya kwanza ina mzigo, mzigo wa kawaida. Ya pili ina mzigo mkubwa zaidi.

"Na hii ya pili," Mathayo aliongeza kwa uhakika wake wote, "ndiyo yenyewe. Ndiyo ile ya Jumamosi. Hata kanisani nitaapa."

Kastori alizima injini, akaenda nyuma, akafungua turubai. Mzee alikuja na fimbo yake, akachungulia. Akaingiza mkono, akapapasa sakafu ya bati kama mtu anayetafuta shilingi gizani. Kisha akazunguka na kulikanyaga tairi kwa kisigino, na kisigino kikadidimia.

"Haina kitu," alisema.

"Haina kitu, mzee."

Saa nane na nusu Kastori alikuwa kwenye simu. Inspekta Athanas aliuliza maswali sita na kupata majibu sita. La saba lilikuwa magunia yalikwendaje basi, na hapo Kastori akampa Flavia mkono wa simu. Flavia alisema kwamba juu ya tuta la mfereji, upande ambao askari hawakuuangalia kwa kuwa macho yao yalikuwa kwenye tairi, kuna alama za mkokoteni wa punda, zimezama kwenda na hazikuzama kurudi, na mtunza ghala ndiye mwenye punda pekee upande ule. Alikuwa ameziandika jana lakini hakuna aliyekuwa ameuliza. Upande wa pili wa waya wakasikia kiti kikisukumwa. Inspekta aliagiza gari moja liende Chekereni mara moja, na faili la Elifuraha lirudishwe kwenye droo.

Elifuraha alipanda mlima kwenye pikipiki ya Kastori mnamo saa kumi na moja, hajanyoa, shati limepinda kola, ameshikilia mfuko wa karatasi wenye mkanda wake na saa yake. Watu walikuwa wamejaa uani mpaka kwenye zizi la ng'ombe. Mama Eliona hakukimbia. Alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anayepokea mzigo na kukagua kama umepungua, akamvua koti, akamwambia maji ya kuoga yako nyuma. Kisha akaingia jikoni na huko ndiko walikomsikia akilia, sufuria zikigongana ili wasisikie.

Mtori wa ndizi ulikuwa umeiva. Kwa kuwa habari ilitangulia pikipiki, majirani walikuwa wameleta: huyu kiburu cha ndizi na maharage, huyu nyama, mama mnene ameleta pombe ya mbege kibuyu kizima na kuketi karibu nacho. Kastori alipewa kiti cha mgeni. Flavia alizungukwa na wanawake waliotaka kujua kama ameolewa na kama kweli alipakata tope kutoka Chekereni.

Elifuraha alitoka kuoga, akaketi, akashika bakuli. Kisha akaliweka chini. Alikuwa ameona kwenye njia, ng'ambo, mtu amesimama na fimbo, hakaribii, haondoki.

Kila mtu alijua mtu huyo alikuwa amesimama pale tangu pikipiki ilipofika. Mmoja akanong'ona kwamba mzee hajatia kitu mdomoni tangu mchana. Mwingine akasema na asitie.

Elifuraha alimtazama mkewe aliyesimama mlangoni kwa jiko. Mama Eliona alikuwa ameshika bakuli tupu, na ilionekana kama alikuwa amelishika kwa muda mrefu. Alifuta ukingo wake kwa khanga, akachota mtori, akachota tena mpaka likajaa. Akatembea hadi ukingoni mwa ua, pale njia inapoanza.

"Mzee Mathayo," alisema, si kwa sauti kubwa. "Baba Eliona hawezi kula wewe ukiwa umesimama hapo. Karibu ndani, tule."